Salama, Ila

Mzee Mwishehe ameniruhusu niisimulie habari hii, tena kaniruhusu mbele ya mkewe, kwa sharti moja tu: niseme kwamba hakukoroma. Haya, hakukoroma. Alikuwa anapumua tu, na kuku wangu wakahamia kwa jirani.

Mimi ni Mwamini. Wanaopita Mlandizi wananijua kwa supu na chapati, na wasiokula supu wananijua kwa mdomo. Tangu mume wangu afariki, nyumba yangu haijawahi kukaa tupu. Asubuhi vijana wa bodaboda, saa nne wanawake wa sokoni, mchana yeyote aliyegombana kwake. Mimba nyingi za mtaa huu nilizijua kabla wenye nazo hawajazijua. Sijisifu, ni kukaa barabarani tu.

Kwa hiyo watu wa utafiti walipoingia Mlandizi na kuuliza ni nani hapa akipiga simu watu wanapokea, waliletwa kwangu moja kwa moja. Namba ngeni watu hawapokei, wanadhani wanadaiwa. Namba ya Mwamini wanapokea hata wakiwa bafuni, wanajua kuna habari.

Mkubwa wa utafiti alikuwa Dokta Justa, mwanamke wa Bukoba, mpole, na Kiswahili chake kimepigwa pasi. Alinieleza kazi yenyewe huku anapuliza supu.

"Kuna wagonjwa wa sukari ambao miguu inawaka moto," alisema. "Tunawapa kidonge cha kumeza wakati wa kulala. Kidonge ni kilekile, lakini miili haifanani. Mwili mmoja unakivunja upesi mno, hakifanyi kazi. Mwingine unakivunja polepole, kinabaki ndani na kumlevya mtu. Tofauti hiyo imo kwenye vinasaba, na vinasaba tunavipata kwenye mate."

"Sasa si mpime mate muwape dawa inayowafaa? Mnangoja nini?"

"Tunangoja ushahidi. Huenda kupima kwanza kunasaidia kweli, huenda ni kupoteza muda wa watu. Kwa hiyo tunachukua wagonjwa mia mbili wa kliniki za Kibaha na Kisarawe, kompyuta inapiga kura. Nusu wanasomewa majibu ya mate mwanzoni, dawa inachaguliwa kwa kufuata majibu. Nusu wanatibiwa kama siku zote, majibu yao wanapewa mwezi wa sita wa utafiti. Halafu tunalinganisha. Na tunataka maisha halisi, dada Mwamini. Si watu waliolazwa wanachungwa na manesi. Watu wanaolima, wanaosahau dawa, wanaogombana."

"Wanaogombana umewapata," nikamwambia. "Ongeza chapati."

Kazi yangu ilikuwa kuwapigia simu wagonjwa kila mwezi, kuwauliza maswali sita ya kwenye fomu na kutia tiki. Nani yuko kundi gani sikuambiwa, ili nisije nikamuuliza mmoja kwa huruma na mwingine kwa haraka. Kijana wao wa kompyuta, Anselmi, mwembamba kama kalamu yake, alinifundisha siku mbili. Usimtilie mtu jibu mdomoni. Andika alichosema, siyo unachokiona. Kisha akanisukumia karatasi ya usiri nitie sahihi.

"Inasemaje?" nikauliza.

"Inasema usiseme."

Eugenia, jirani yangu muuza ndizi, alicheka mpaka akakalia ndizi zake. "Mwamini na siri! Hata redio ina kitufe cha kuzimia, wewe chako kiko wapi?"

Nikatia sahihi hivyohivyo. Nilitaka kumkomoa.

Shida ya kwanza ilikuwa neno lenyewe. Huku kwetu neno vinasaba watu wanalijua kwa kesi moja tu: mtoto ni wa nani. Tangazo lilipopita sokoni kwamba wanapima vinasaba, wanaume wa Mlandizi waliyeyuka kama barafu ya mia. Kliniki ikajaa wanawake walioshika waume zao mikono, wengine wakiwa hawana hata sukari. Dokta Justa alisimama mbele yao saa nzima akieleza kwamba kipimo hiki kinatazama dawa, hakitazami watoto. Walimsikiliza kwa heshima, na hakuna aliyemwamini.

Mmoja wao alikuwa Bi Hajira wa kijiji cha Kurui, msukaji wa mikeka. Mkeka wa Hajira unaujua hata gizani kwa kupapasa ukili wake, ule mkanda wa majani ya ukindu unaoshonwa na wenzake kuwa mkeka. Alimleta mumewe, Mzee Mwishehe, kwa sababu ya miguu kweli. Miguu ilimwaka mpaka alikuwa anaiweka kwenye beseni la maji akila. Lakini nilimsikia Hajira akimwambia nesi, "Na kama hayo mate yana mengine ya kusema, mama, yaseme tu. Sisi tupo."

Mzee Mwishehe akatema mate, akapewa kidonge, akarudi kwao. Miguu ikatulia. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kila Alhamisi mzee huyu huleta mihogo Mlandizi. Zamani alikuwa akishusha magunia, anapiga supu yangu bakuli moja, anasimulia habari za Kurui, saa nane amepanda gari kurudi. Baada ya kuanza dawa, supu ilikuwa inamkuta kichwa kinaning'inia. "Mwamini mwanangu, nijinyooshe kidogo," atasema, na kujilaza kwenye mkeka wangu wa uani. Kidogo hicho kilikuwa kinafika saa kumi. Wateja wakawa wanamruka. Mwingine alimwekea kofia yake tumboni, akaisahau.

Siku yake ya kupigiwa simu ikaangukia Alhamisi. Fomu inasema pigia simu, nami ni mtu wa fomu. Nikasimama na mwiko, nikapiga. Simu ikalia mfukoni mwake, hatua kumi kutoka nilipo. Ikalia weee. Akapokea bila kufumbua macho.

"Haloo."

"Shikamoo, mzee. Napiga simu kutoka kwenye utafiti."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mwamini."

"Mwamini yupi?"

"Huyu aliyesimama nyuma yako na mwiko."

"Aaa. Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo. Unaendeleaje na dawa?"

"Salama, alhamdulillahi."

"Kuna maudhi yoyote yanayotokana na dawa?"

"Hapana, hapana. Tunashukuru sana. Wasalimie wakubwa."

Na simu ikiwa bado sikioni, akaendelea kupumua. Nikamtazama, nikaitazama fomu. Andika alichosema, siyo unachokiona. Nikatia tiki: hapana.

Baadaye, nikimpa maji ya uso, nilimwambia kama jirani, "Mzee, usingizi huu mwambie daktari."

"Huu wa uzee. Watu wamenipoza miguu bila hata kunidai, halafu niende kuwalalamikia? Nitaonekana mtu wa namna gani?"

Sasa, mtu akilala kwenye mkeka kwa saa tatu, mkeka unabaki shavuni. Wewe na mimi tungeona mistari tu. Hajira aliona zaidi. Alhamisi ya kwanza alinyamaza. Ya pili alimgeuza mumewe kwenye mwanga wa mlango. Ya tatu alimshika kidevu, akapitisha kidole shavuni pole pole kama anayesoma barua.

"Huu ukili mwembamba," akasema. "Ukindu wa Rufiji, na kona imekunjwa kivivu. Mwishehe, huu mkeka sijasuka mimi."

Mzee angesema tu kwamba alilala kwa mama wa supu, yangeisha. Lakini aliona aibu kukiri kwamba siku hizi analala mchana kama mtoto mchanga, akasema alilala kwenye gari. Gari lenye mkeka! Kufika Jumamosi, Hajira alikuwa uani kwangu, kitenge kimefungwa kiunoni, wateja kumi na mbili wanatazama.

"Shikamoo, dada Hajira."

"Shikamoo yako iweke hapo. Mkeka uko wapi?"

"Mkeka gani, dada?"

Alikuwa ameshauona. Akachuchumaa, akapapasa kona, akauinua juu kama hakimu aliyeshika kisu chenye damu. "Ukili mwembamba," akawaambia wateja. "Kona ya kivivu. Nimeshaisoma shavuni kwa mume wangu Alhamisi tatu."

Hata wale wa bodaboda waliacha kutafuna. Halafu Eugenia, Mungu amsamehe, akauliza kutoka kwenye ndizi zake, "Na shavu lingine lilikuwa na nini?"

"Dada, mzee amelala hapa kweli," nikasema, "lakini amelala tu. Hapa, uani, mbele ya watu. Waulize."

"Kwa nini mwanaume mzima alale mchana? Nini kimemchosha?"

Hapo ndipo nilipoumbuka. Nilikuwa najua, au nilikuwa nakaribia kujua. Nilikuwa na simu zake tatu, na maneno ya Dokta Justa kuhusu mwili unaovunja dawa polepole. Neno moja tu, dawa, lingenisafisha pale pale. Lakini nilitia sahihi. Habari za mgonjwa wa utafiti hazitoki kwangu, hata kwa mkewe. Mimi Mwamini, siri ya kwanza ya maisha yangu, na ndiyo iliyokuwa inanivua nguo sokoni.

"Siwezi kusema," nikajibu.

Wateja wote kumi na mbili waliguna kwa pamoja. Mtaa mzima unajua hakuna nisichoweza kusema. Kwa hiyo kama hiki sikisemi, basi kimo.

"Vizuri," Hajira akasema, na sauti yake ikashuka, ikanitisha kuliko alipokuwa anapiga kelele. "Miaka thelathini na moja nimeishi na yule mtu. Nakwenda kwa kaka yangu Kisarawe mjini. Majibu ya vinasaba yakitoka yatasema alikuwa analala wapi. Kabla ya hapo, Kurui sirudi. Na yakisema ni hapa, basi, kila mtu njia yake."

Akaondoka na kona ya mkeka wangu. Aliikata kwa kisu changu cha vitunguu, iwe ushahidi.

Alhamisi iliyofuata Mzee Mwishehe alikuja bila mihogo. Hakuna wa kumsaidia kuing'oa. Shati lake limefungwa vifungo upande. "Mwamini, nimekosa nini?" akaniuliza, na katikati ya swali akapiga mwayo, machozi na mwayo vikatoka pamoja. Nilicheka, halafu nikaona haya kwa kucheka.

Wiki hiyohiyo tuliitwa kwenye kikao cha utafiti Kibaha. Dokta Justa alikuwa na karatasi mezani na uso wa mtu aliyekuta chumvi kwenye chai.

"Majibu yetu ni mazuri mno," alisema. "Watu mia mbili, miezi mitatu, na waliosema dawa imewaletea maudhi ni wanne tu. Kundi hili wawili, kundi lile wawili. Dawa hii ninaijua. Inakausha mdomo, inaleta usingizi. Kwingine mtu mmoja kati ya watatu analalamika. Aidha wagonjwa wetu ni malaika, au fomu yetu ina ugonjwa."

Anselmi akasema labda kompyuta. Anselmi kila kitu ni labda kompyuta.

Nikainua mkono. "Dokta, fomu yako haiulizi. Inasalimia."

"Sijakuelewa."

"Nikuoneshe. Dokta Justa, habari za tangu juzi?"

"Nzuri."

"Za nyumbani?"

"Nzuri, tunashukuru."

Nikamwandikia tiki kubwa, akaiona. Kisha nikanyamaza. Nikamtazama tu kwa upole, kama ninavyowatazama watu pale kwangu wakishamaliza supu na hawaondoki. Sekunde tano. Sekunde nane. Akasogeza kalamu.

"Ila mgongo," akasema. "Tangu Jumatatu. Na ila huyu mwenye nyumba wangu..." Akajishika mdomo. Anselmi alicheka mpaka miwani ikamdondoka.

"Umeona?" nikasema. "Huku kwetu jibu la kwanza ni adabu. Mtu amevunjika mguu anasema salama. Ukitia tiki hapo umeandika adabu ya watu, ugonjwa hujauandika. Ugonjwa unakuja baada ya ila. Na ila haiji mpaka unyamaze. Fomu yako ina maswali sita na haina pumzi hata moja."

Dokta Justa akaigeuza fomu yake, akaanza kuandika nyuma. Nikajua pale pale kwamba nimepanda cheo, ingawa mshahara haukusikia.

Nilidhani jioni ile ile tutaanza kupiga simu. Thubutu. Dokta akasema swali jipya lazima lipite kwa kamati ya maadili, tena lazima liulizwe makundi yote mawili, siku moja, kwa maneno yaleyale na ukimya uleule. Tukiwanyamazia hawa sekunde kumi na wale tatu, hawa wataonekana wagonjwa zaidi kumbe tumewasubiri zaidi. Nikamwelewa, na roho ikaniuma. Kamati ilichukua wiki nne. Wiki nne Hajira yuko Kisarawe, na mimi nauza supu kwa watu wanaonunua ili wanione.

Karatasi ikarudi na muhuri. Swali la nne, lile la maudhi, lilikuwa vilevile. Chini yake: "Swali la nne B. Nyamaza hadi kumi. Andika kila kinachokuja baada ya ila."

Nilimpigia Mzee Mwishehe kwa zamu yake, si kabla. Nilikuwa na wagonjwa kumi na tisa mbele yake na wote niliwanyamazia sawasawa. Ila zilimwagika! Ila mdomo mkavu, ila kizunguzungu, ila mkwe wangu. Zamu yake ikafika.

"Unaendeleaje na dawa, mzee?"

"Salama, alhamdulillahi."

"Kuna maudhi yoyote?"

"Hapana, hapana. Tunashukuru."

Nikanyamaza. Moja. Mbili. Nilimsikia jogoo wake. Nne. Tano. Nilitamani kuingiza mkono kwenye simu nimvute ulimi. Saba.

"Uko hapo, mwanangu?"

Sikujibu. Nane. Tisa.

"Ila mke wangu kaondoka," akasema.

Nikaandika: ila mke. Anselmi alikuja kunisumbua siku mbili eti ile aiweke kwenye fungu gani la maudhi.

"Ila kaondoka kwa sababu ya usingizi," mzee akaendelea, na sasa hakuna wa kumzuia. "Huu usingizi si wa uzee, Mwamini. Nalala nikichimba. Nalala nikiswali, imamu akatoa salamu mimi bado nimesujudu, watu wakanisifu kwa uchamungu!" Dakika arobaini. Niliandika nyuma ya fomu, na pembeni, na kwenye mfuko wa sukari.

Fomu zilifika kliniki. Daktari wa zamu akamwita, akamuuliza, akampunguzia dozi, kama ambavyo angempunguzia mgonjwa yeyote anayelewa usingizi. Mate yake yalikuwa bado yamefungwa. Alikuwa kundi la baadaye, nami nilikuja kujua hilo kwake mwenyewe. Hazikupita wiki mbili mzee akawa macho. Akaoga, akafunga vifungo sawa, akaenda Kisarawe mjini kumweleza mkewe kila kitu.

Hajira alimsikiliza mlangoni. "Umesema wewe," akamwambia. "Vinasaba bado havijasema." Akafunga mlango, ila kwanza alimpa embe.

Mwezi wa sita ukafika. Hajira alikuja kliniki na kaka yake, na ile kona ya mkeka kwenye pochi. Mzee Mwishehe aliomba mkewe aingie, na mimi niingie, kwa kuwa alitaka yaishe mbele ya wote. Dokta Justa akafungua bahasha.

"Mwili wa mzee unaivunja dawa hii polepole sana," akasoma. "Dozi ya kawaida kwake ni nyingi. Mtu wa aina hii hulala mchana."

Hajira akainama mbele. "Hulala mchana wapi?"

"Popote anapokaa, mama."

"Hawajaandika mkeka?"

"Hawajaandika."

"Geuza nyuma."

Dokta akageuza. Nyuma kulikuwa kweupe. Hajira aliutazama ule weupe kwa muda, akamtazama mumewe, kisha akanitazama mimi.

"Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nakisia. Nilitia sahihi, dada."

"Wewe? Mwamini wa supu? Miezi yote ile, mtaa mzima unakucheka, hukusema?"

"Sikusema."

Akafungua pochi, akatoa ile kona ya mkeka, akanirudishia mkononi. "Basi wewe ni mgonjwa kuliko huyu," akasema akicheka, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile nikaliona pengo lake la meno. Alirudi Kurui siku hiyohiyo, na gari lilipopita Mlandizi alilisimamisha, akashuka, akaubeba mkeka wangu wote. Wiki iliyofuata aliniletea mwingine, ukili mpana, kona zimekunjwa barabara. Alisema hivi: mume wake akija tena na alama shavuni, angalau alama ziwe za mkono wake.

Utafiti bado unaendelea, na Dokta Justa hajaniambia kundi gani linaongoza, ingawa nimemnyamazia mpaka ishirini. Lakini ya Kurui ninayo. Majuzi nilimpigia Hajira, siyo kwa fomu, kwa yangu tu.

"Shikamoo, dada. Habari za nyumbani?"

"Marahaba. Salama, alhamdulillahi."

Nikanyamaza. Alijua ninachofanya, mjanja yule, akanyamaza na yeye. Tulikaa hivyo, vocha inakatika, kila mmoja anasikiliza pumzi za mwenzake. Tisa. Kumi. Kumi na moja.

"Ila halali tena!" akalipuka. "Alfajiri yuko macho ananiuliza chumvi tunaiweka wapi. Mchana ananihesabia kili ninazosuka. Anaongea, Mwamini, anaongea! Hebu muulize huyo dokta wako, hakuna kidonge cha Alhamisi tu, alale huko kwako mpaka saa kumi?"